Negativu huharibiwa na fiksa iliyochoka, si na uchache wa maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nisahihishe mambo mawili yaliyoandikwa katika makala ya hivi karibuni ya gazeti hili kuhusu vijana wanaorudia kupiga picha za filamu nyeusi na nyeupe na kuzisafisha wenyewe nyumbani. Makala yenyewe ilikuwa nzuri, na mimi niliyemaliza ujana wangu katika chumba cha giza cha studio moja hapa Tanga niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika penye maelekezo. Hapo msomaji aliambiwa kwamba fiksa, yaani dawa inayoifanya sura idumu kwenye filamu, hurudishwa kwenye chupa na kutumiwa mpaka iishe, na kwamba filamu ikitoka kwenye fiksa iwekwe chini ya bomba lililofunguliwa kwa nusu saa. La kwanza litaharibu negativu za watu, yaani ile mikanda ya filamu iliyokwisha kusafishwa ambayo picha huchapwa kutokana nayo. La pili litamaliza maji yao, na katika mitaa ambayo maji huja kwa mgao, kijana atakayeona kwamba hana maji ya kumwaga nusu saa nzima atasuuza mara moja na kuanika, akidhani kwamba hakuna njia nyingine iliyobaki.

Nadhani sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu ya kazi. Sisi husema kusafisha picha, na wengine husema kuosha picha, tukikusudia kazi yote tangu filamu itoke kwenye kamera mpaka picha akabidhiwe mwenyewe. Kwa sababu hiyo, mtu akishaona sura zimejitokeza kwenye mkanda huamini kwamba filamu imekwisha kusafishwa, na hatua mbili zinazofuata huzichukua kama jambo la kumalizia tu. Lakini developa, yaani dawa ya kwanza, kazi yake ni kuitoa sura. Kinachoamua kama sura hiyo itakuwapo miaka 50 baadaye ni fiksa na maji, na baina ya hivyo viwili fiksa ndiyo inayotangulia, kwa maana kosa lililofanyika kwenye fiksa haliondolewi na maji hata yakiwa mengi kiasi gani.

Utando wa filamu ni jelatini iliyochanganywa na chumvi za madini ya fedha. Zile chembe zilizopigwa na mwanga hugeuzwa na developa kuwa fedha nyeusi, ambayo ndiyo sura tunayoiona. Zile ambazo hazikupigwa na mwanga hubaki kama zilivyokuwa, nyeupe kama maziwa, na zikiachwa humo zitaendelea kubadilika rangi kila zikipata mwanga. Fiksa huziyeyusha hizo zilizobaki. Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba thiosulfati ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839, upigaji picha ulipotangazwa kwa walimwengu, dawa ilikuwa tayari inajulikana. Wazee waliotufundisha waliiita haipo, kwa jina lake la zamani la Kiingereza, na mwanafunzi mgeni alikuwa hakosi kutumwa dukani kuuliza kama haipo ipo, akajibiwa na muuzaji aliyekwisha kuzoea mzaha huo kwamba haipo haipo, akarudi studio amechanganyikiwa. Siku hizi fiksa nyingi za chupa hutengenezwa kwa thiosulfati ya amoniamu, ambayo hufanya kazi ileile kwa haraka zaidi.

Wapo wanaouliza kama chumvi ya mezani haiwezi kushika nafasi ya fiksa. William Henry Fox Talbot aliitumia katika majaribio yake ya mwanzo, lakini chumvi ilipunguza tu wepesi wa picha kubadilika, haikuziondoa chembe zilizobaki kama haipo inavyoziondoa, naye mwenyewe akahamia kwenye haipo. Kwa filamu ya leo ni kupoteza muda na roli.

Sasa nieleze kwa nini maneno haya ya kutumia fiksa mpaka iishe yamenisumbua. Fiksa haiishi kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kibatari, ukaona utambi umekauka. Fiksa huchoka, na ikichoka haibadiliki rangi wala harufu kwa namna ya kumtahadharisha mtumiaji. Kila roli inayopita huacha fedha ndani ya dawa, na kiasi cha fedha kikizidi, dawa hushindwa kuzigeuza chembe za filamu kuwa kitu kinachoyeyuka vizuri kwenye maji. Huishia njiani: hutengeneza mchanganyiko wa fedha na thiosulfati usioonekana kwa macho, unaong'ang'ania kwenye jelatini na kukataa kutoka. Mkanda huonekana angavu, mpigaji huridhika, kisha baada ya miaka kadhaa mchanganyiko huo huvunjika na kuwa salfaidi ya fedha, ambayo ni doa la manjano au hudhurungi lisiloondoka. Joto na unyevu wa pwani huharakisha uharibifu huo.

Yamenikuta mwenyewe. Mwaka 1984, wakati ambapo karibu kila kitu kilikuwa adimu na dawa za picha zilikuwa zinapatikana kwa bahati, nilipiga harusi ya dada yangu roli tano. Roli tatu za kwanza nilizitia kwenye fiksa iliyochanganywa asubuhi hiyo. Mbili za mwisho, kwa kuhofia kumaliza dawa ya wateja, nilizitia kwenye chupa ya zamani iliyokwisha kupitisha roli nyingi ambazo hakuna aliyekuwa amezihesabu. Zote tano niliziosha siku moja, kwa maji ya pipa moja, kwa idadi ileile ya ndoo. Nilipozitoa kwenye bahasha mwaka 1997, zile tatu zilikuwa safi kama zimekauka jana, na zile mbili zilikuwa na madoa ya hudhurungi yaliyoanzia kwenye matundu ya ukingoni na kuingia ndani. Yalionekana zaidi kwenye koti jeusi la bwana harusi, kwa kuwa kilicho cheusi machoni ni angavu kwenye negativu, na nilipochapa picha, koti likatoka na mabaka ya kijivu kama la mtu aliyemwagiwa majivu. Shemeji yangu huniuliza hadi leo siku ile alikaa wapi. Maji yalikuwa mamoja. Tofauti ilikuwa chupa.

Kipimo cha kuitambua fiksa iliyochoka hakihitaji chombo chochote isipokuwa saa yenye mshale wa sekunde. Filamu ya milimita 35 ina ulimi, yaani ile ncha iliyochongwa inayotangulia kwenye kamera, ambayo hukatwa kabla filamu haijaviringishwa kwenye spuli, yaani kile kigurudumu kinachoishika ndani ya tangi la kusafishia. Usiitupe. Ichukue chumbani mchana, tone juu yake tone moja la fiksa, usubiri nusu dakika, kisha uizamishe yote kwenye kikombe chenye fiksa hiyohiyo na uanze kuhesabu. Pale palipotonwa patakuwa duara angavu katikati ya uwingu wa maziwa. Sekunde zitakwenda, uwingu utafifia, na dakika ile duara linapopotea kwa sababu kila mahali pamekuwa angavu kama lenyewe, simamisha hesabu. Hapo umepata muda wa kung'aa. Filamu nayo iache kwenye fiksa mara mbili ya muda huo, kwa maana kung'aa ni nusu ya kazi tu, na ile nusu ya pili, ambayo jicho haliioni, ndiyo inayoufanya mchanganyiko wa fedha uweze kusuuzika. Filamu kama Kodak T-Max na Ilford Delta huhitaji mara tatu, na T-Max ikitoka na rangi ya waridi iliyokolea, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba fiksa yako imechoka au umeitoa mapema.

Andika kwenye chupa muda ulioupata siku fiksa ilipokuwa mpya. Kama ulikuwa sekunde 45, rudia kipimo kabla ya kila roli kwa kutumia ulimi wa filamu ya aina ileile, na siku utakapofika sekunde 90 chupa hiyo imekwisha kazi, hata kama imejaa mpaka shingoni. Mwenye kutaka kubana matumizi agawe fiksa katika chupa mbili, filamu ipite ya kwanza kwa nusu ya muda na ya pili kwa nusu iliyobaki. Ya kwanza ikichoka humwagwa, ya pili hupanda nafasi yake, na mpya huwekwa nyuma. Kwa mpango huo kila filamu humalizia kwenye dawa yenye nguvu, na dawa hutumika vizuri kuliko katika chupa moja.

Kuhusu joto, vitabu vyote hutaja nyuzi 20 za Selsiasi, na mtu wa pwani akisoma hivyo hukata tamaa, kwa maana mwezi Februari kipimajoto changu hakijawahi kuonyesha maji ya bomba yaliyo chini ya nyuzi 27. Zamani jelatini ililainika katika joto hilo mpaka ikavulika kwa ukucha, na dawa ya wazee ilikuwa kutia shabu kwenye fiksa, shabu hii hii ambayo kinyozi humpaka mteja akimkata kidevu. Shabu hukaza jelatini. Lakini pia huifanya iishike haipo kwa nguvu, hivyo filamu iliyopita kwenye fiksa ya shabu huhitaji kuoshwa dakika 20 hadi 30, na nina hakika kwamba ile nusu saa ya mwandishi wa makala imerithiwa kutoka huko bila shabu yenyewe. Filamu za sasa hukazwa kiwandani. Kwa nyuzi 24 au 25 hazina shida, ilimradi developa, fiksa na maji ya kuoshea viwe na joto linalokaribiana, kwa kuwa kinachoukunja utando ni kurushwa ghafla kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi. Mimi huweka chupa zote ndani ya beseni la maji, pamoja na chupa ya plastiki iliyogandishwa kwenye friji, nikangoja vilingane. Anayechanganya fiksa yake kwa punje za haipo ataona jambo jingine la kumsaidia: punje zikiyeyuka hunyonya joto, na gramu 240 katika lita moja huyapoza maji mpaka chupa ikatoa jasho kwa nje. Asiitumie papo hapo, kwa kuwa fiksa ya baridi ni mvivu. Na fiksa yoyote yenye asidi isiwekwe karibu na dirisha lenye jua, kwa maana ikipata moto salfa hujitenga, ikafanya weupe na mashapo, na hapo hakuna cha kuirudisha.

Sasa nije kwenye maji. Filamu inapotoka kwenye fiksa, jelatini yake imevimba na imejaa haipo kama sifongo. Ukiizamisha kwenye maji safi, haipo hutoka kwenye jelatini na kuingia kwenye maji mpaka pande mbili zilingane, na zikishalingana hakuna tena kinachotoka, uikalishe humo usiku kucha. Kinachoosha ni kumwaga maji hayo yote na kuweka mengine. Bomba lililofunguliwa juu ya tangi halifanyi hivyo vizuri, kwa kuwa maji yenye haipo ni mazito na hukaa chini, wakati maji mapya hupita juu na kumwagika ukingoni bila kuyagusa. Mtu husikia maji yakitiririka, moyo wake ukatulia, na huku chini ya spuli mambo ni yaleyale.

Ilford wamefundisha kwa miaka mingi utaratibu ambao sisi wa mgao wa maji tungepaswa kuwa wa kwanza kuushika. Jaza tangi maji safi yenye joto lisilopishana na la dawa kwa zaidi ya nyuzi 5, funga, lipindue mara 5, mwaga yote. Jaza tena, lipindue mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, lipindue mara 20, mwaga. Utaratibu huu ni wa fiksa isiyo na shabu. Tangi la roli moja huchukua kiasi cha mililita 300, kwa hiyo uoshaji wote huo hautimizi lita moja. Mimi, kwa tabia ya uzee, huongeza maji mara mbili zaidi na kuyaacha yakae dakika mbili mbili, nikafikia lita moja na nusu. Bomba la nyumbani kwangu hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika tano. Nusu saa ya mwandishi ni ndoo sita kwa roli moja ya picha 36. Nyumba yenye watoto haiwezi kukubali hesabu hiyo, na haina sababu ya kuikubali.

Swali ambalo watu wa mwambao huniuliza ni kama maji ya bahari yanafaa. Yanafaa, na kwa jambo moja yanashinda ya bomba: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilionekana kwamba filamu zilizooshwa kwa maji ya chumvi zilitoa haipo haraka kuliko zilizooshwa kwa maji matamu, na kutokana na hilo zikatengenezwa dawa za kusaidia uoshaji ambazo hutumia chumvi nyingine, hasa salfaiti ya sodiamu. Aliyelazimika kutumia fiksa ya shabu anaweza kuloweka filamu dakika mbili katika gramu 20 za salfaiti kwa lita moja ya maji na kupunguza sana muda wa kuosha. Lakini mwenye kuosha kwa maji ya bahari lazima amalizie kwa maji matamu, ayabadilishe mara kadhaa, kwa sababu chumvi ikibaki kwenye utando hula sura. Ayachuje pia kwa kitambaa. Punje moja ya mchanga huandika mstari ambao utaonekana kwenye kila picha utakayochapa.

Maji ya mwisho yawe yasiyoacha alama yakikauka. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanafaa, lakini mnunuzi ahakikishe kwamba si asidi, kwa kuwa vidumu vyake hufanana. Maji ya mvua yaliyokingwa paa likishaoshwa na mvua ya kwanza pia ni mazuri. Kausha bafuni, mahali ambapo mvuke umetuliza vumbi, na usipanguse kwa kitambaa.

Fiksa iliyochoka nayo isimwagwe karibu na kisima. Ile fedha iliyoyeyuka ndani yake huua viumbe wa majini, na njia nyepesi ya kuitoa ni kutumbukiza stilwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, ndani ya ndoo ya fiksa hiyo na kuiacha siku kadhaa. Chuma huyeyuka, fedha hushuka chini kama tope jeusi. Tope hilo likikusanywa kwa wingi lina bei, ijapokuwa roli za mtu mmoja hazitamtajirisha.

Narudi kwa vijana waliokwisha kufuata maelekezo ya makala kabla ya barua hii kuwafikia. Wazitoe negativu zao na kuzitazama dhidi ya dirisha, si katikati ya picha bali kwenye ukingo wenye matundu, ambako filamu inapaswa kuwa angavu. Wakiona uwingu wa maziwa, au wakikumbuka kwamba fiksa waliyotumia haikupimwa, wasizitupe. Filamu ambayo haijaanza kuota madoa inaweza kulowekwa kwenye maji dakika chache, ikarudishwa kwenye fiksa mpya kwa muda uliopimwa, ikaoshwa kwa utaratibu nilioueleza na kuanikwa upya. Kazi hiyo inaweza kufanywa mchana, sebuleni, kwa kuwa sura haidhuriki tena na mwanga. Iliyokwisha kuota madoa ya hudhurungi hairudi. Zile roli zangu mbili nilizijaribu mwaka huohuo wa 1997, zikatoka kwenye fiksa mpya na mabaka yao yote.

Wako,
Mpiga picha mstaafu,
Tanga